Matajiri wa malori, wafungieni madereva inveta

Ndugu Mhariri,

Malori yanayopita Moshi kwenda Holili mengi yana betri mbili za volti 12 zilizoungwa kuwa 24. Dereva akitaka kuwasha kifaa cha volti 12, fundi wa njiani huchukua umeme kwenye betri moja tu. Hiyo inayonyonywa haijai. Mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka, na asubuhi lori haliwaki. Konvata ya kushusha 24 kuwa 12 huondoa tatizo hilo.

Dereva anayetaka kupika njiani anahitaji inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Jiko la umeme la wati 700 linavuta karibu ampea 30 kwenye volti 24, hata kabla ya umeme unaopotea ndani ya inveta, hivyo soketi ya kiberiti cha sigara kwenye dashibodi itakata fyuzi tu. Fungeni inveta ya wati 1,000 ya volti 24, waya wa milimita 16 za mraba utoke betri moja kwa moja, fyuzi ya ampea 60 ikae jirani na betri. Dereva apike injini ikiwaka.

Choroko hazidai hata jiko la muda mrefu: ziloweke usiku, zichemshe dakika 10, zimimine zikiwa bado zinatokota kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, zifunge kwa saa 3.

Mkaa ndani ya kebini? Hapana, hata kwa baridi ya Julai.

Fundi umeme wa magari,
Majengo, Moshi