Barua kwa Mhariri: Mtoto aliyeuliza nani kaandika kifo cha Musa hana kosa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua, najua mnapenda barua fupi ila hili limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa na nisipolisema sitapata usingizi.

Mimi nafundisha vijana wa kipaimara kanisani kwetu hapa Morogoro, mwaka wa 19 huu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kukagua madarasa, sasa katikati ya kipindi binti mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono akauliza: mwalimu, kama vitabu vitano vya mwanzo kaandika Musa, mbona Kumbukumbu la Torati sura ya 34 inasema Musa akafa, akazikwa bondeni nchi ya Moabu na hakuna anayejua kaburi lake hata leo, hayo kaandika nani? Yule mzee hata hakumwacha akae chini. Akamwambia hayo ni maswali ya wapinga Kristo, atoke nje akatubu, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya mwaka huu. Mtoto akatoka analia na mimi mwalimu wake nikanyamaza kimya, sikusema hata neno moja, na ndo maana naandika.

Swali lile ni la kale kuliko hata makanisa yetu haya. Wayahudi ambao Torati, yani hivyo vitabu vitano, ni yao walishaliuliza wenyewe, tena walimu wakubwa kabisa, na jibu lipo kwenye Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya walimu wa Kiyahudi, iliyokusanywa karibu miaka 1500 iliyopita, kwenye sehemu inaitwa Baba Bathra. Pale kuna mwalimu anasema Musa aliandika mpaka pale anapokufa, alafu ile mistari minane ya mwisho akaiandika Yoshua. Mwingine, Rabi Shimoni, anamkatalia, anasema haiwezekani kitabu cha Torati kipungue hata herufi moja, kwa hiyo mpaka pale Mungu alikuwa anasema na Musa anarudia na kuandika, ila kuanzia pale Mungu alisema na Musa akaandika huku machozi yanamtoka. Wamebishana, wote wawili wakaandikwa kitabu kimoja, hakuna aliyefukuzwa. Sasa sisi binti wa miaka 14 tunamtoa nje?

Alafu karne ya 12 kuna mfasiri mkubwa sana wa Kiyahudi kutoka Hispania, Ibn Ezra, alisoma Mwanzo 12:6 pale inaposema Wakanaani walikuwepo katika nchi siku zile, akashtuka, maana wakati wa Musa Wakanaani bado walikuwa wapo, sasa mtu anayesema "siku zile walikuwepo" anaandika akiwa wapi na lini? Hakulisema wazi. Aliandika tu kwamba hapa kuna siri na mwenye kuelewa anyamaze. Karne hiyohiyo Maimonides, mwalimu mwingine mkubwa wa Kiyahudi, yeye akaweka kwenye misingi yake 13 ya imani kwamba Torati yote tuliyonayo ndo ileile aliyopewa Musa, na Wayahudi wengi wa Orthodox, wale wanaofuata mapokeo ya kale, wanashika hivyo mpaka leo. Kwa hiyo hata waumini kwa waumini hawakuwa na sauti moja.

Naomba wasomaji wachukue Biblia, ile Union Version ambayo karibu kila nyumba ya Mkristo ipo, msome taratibu kama mtu anayetafuta kitu. Mwanzo sura ya 1 anayeumba anaitwa Mungu tu, kuanzia mstari wa kwanza mpaka mwisho wa sura, miti inatangulia, wanyama wanafuata, mwisho mwanamume na mwanamke pamoja. Ukifika 2:4 ghafla jina linabadilika, linakuwa BWANA Mungu, hilo BWANA kwa herufi kubwa, na mpangilio nao unabadilika, mtu anaumbwa kwanza, ndo bustani inapandwa, ndo wanyama, mwanamke mwishoni kabisa. Nenda kwa Nuhu. Sura ya 6 Mungu anamwambia aingize wawili wawili wa kila aina, sura ya 7 BWANA anamwambia wanyama safi awachukue saba saba. Nimesoma hizo sura miaka yote nikidhani ni kosa la uchapaji hizo herufi kubwa, kumbe watafsiri wetu walikuwa waaminifu, palipo na lile jina takatifu la Kiebrania wakaweka BWANA, na palipo na neno la kawaida la Mungu wakaweka Mungu, yani ushahidi wote upo kwa Kiswahili, mbele ya macho yetu, huhitaji digrii ya Ulaya kuuona.

Na aliyelifanyia kazi hilo la majina mawili mpaka likawa hoja kubwa hakuwa adui wa dini. Alikuwa daktari wa Kifaransa anaitwa Jean Astruc, mwaka 1753, alitoa kitabu bila kuweka jina lake, na lengo lake lilikuwa kumtetea Musa dhidi ya watu kama mwanafalsafa Spinoza ambaye mwaka 1670 alishaandika kwamba sio Musa. Astruc alisema Musa alikuwa na maandishi ya zamani mbele yake akayapanga pamoja, basi. Waliokuja nyuma ndo wakaenda mbali, mpaka kufika kwa Mjerumani Julius Wellhausen mwishoni mwa miaka ya 1870, akasema kuna vyanzo vinne vilivyoshonwa pamoja kwa karne nyingi, na kwamba kile kitabu alichokiokota kuhani Hilkia hekaluni wakati wa mfalme Yosia, habari iko 2 Wafalme 22, kama mwaka 622 kabla ya Kristo, ndo kiini cha Kumbukumbu la Torati. Wellhausen mwaka 1882 aliacha mwenyewe kufundisha theolojia pale Greifswald kwa sababu dhamiri ilimsuta, aliona anafundisha vijana wanaokwenda kuwa wachungaji na hawaandai kwa kazi hiyo. Simkubali kwa kila kitu lakini hilo la dhamiri nalichukua kwa heshima.

Kanisa Katoliki nalo lilipita njia ndefu. Mwaka 1906 tume yake ya Biblia huko Roma ilisema hoja zilizoletwa hazitoshi kukana kwamba Musa ndo mwandishi, japo ikakubali kwamba anaweza kuwa alitumia vyanzo na waandishi wa kumsaidia na kwamba kuna nyongeza za baadaye. Miaka 42 baadaye, 1948, tume hiyohiyo ikamwandikia Kardinali Suhard wa Paris kwamba siku hizi hakuna anayetilia shaka kuwepo kwa vyanzo wala kukua kwa sheria hizo hatua kwa hatua. Na kanisa halikuanguka.

Sasa nigeukie upande wa pili maana nao wananiumiza. Wapo vijana wanasambaza klipu kwenye magrupu, eti wasomi wameshathibitisha Biblia ni hadithi za kutunga, mambo ya vyanzo vinne yameisha. Hayajaisha ndugu zangu. Wasomi wenyewe wanavutana, tangu miaka ya 1970 watafiti wa Biblia akina John Van Seters na Rolf Rendtorff waliivunja vunja ile picha ya Wellhausen, wengine wanasema hivyo vyanzo vinne havikuwepo kama vitabu kamili, wengine bado wanavishikilia, na kila mmoja ana tarehe zake. Alafu mwaka 1979 pale Yerusalemu, sehemu inaitwa Ketef Hinnom, walichimba makaburi wakapata vijikaratasi viwili vya fedha vimekunjwa, ndani imeandikwa ile baraka ya Hesabu 6, BWANA akubarikie na kukulinda, na ni vya zamani kuliko magombo ya Qumran, yale maandiko ya kale yaliyopatikana mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, kwa karne kadhaa. Hiyo haithibitishi Musa aliandika. Ila inaonyesha maneno haya watu walikuwa wanayavaa na kuzikwa nayo kabla hekalu la pili halijajengwa, kwa hiyo anayesema yote yalitungwa baadaye kabisa ajibu na hilo.

Na kwenye mihadhara ya dini, wale wahadhiri wa pande zote mbili, mstari huohuo wa kifo cha Musa unatolewa kama kisu. Ndugu zetu Waislamu wanaamini Taurati aliteremshiwa Nabii Musa, yenye uongofu na nuru, na Ibn Hazm wa Cordoba karne ya 11 aliutumia mstari huo kusema kitabu kilichopo sio kilekile. Sawa, ana hoja yake. Lakini kuna wanazuoni wa Kiislamu pia waliosema kilichopotoshwa ni maana na tafsiri, sio maandishi yenyewe, na hao sijawahi kuwasikia wakitajwa kwenye maikrofoni hata siku moja. Na sisi Wakristo tunajibu kwa kelele kwa sababu tumekatazana kusoma.

Mimi binafsi naamini nini? Naamini Musa aliandika, Kutoka 24:4 inasema aliyaandika maneno yote ya BWANA, Kumbukumbu 31:9 inasema aliiandika torati hii akawapa makuhani, na Yesu mwenyewe kwenye Yohana 5 anasema Musa aliandika habari zangu. Naamini pia kuna mikono mingine ilikuja baada yake, maana Mwanzo 36 inataja wafalme wa Edomu "kabla" Israeli haijapata mfalme, na mtu hawezi kuandika hivyo kabla mfalme wa kwanza hajatawala. Havinigombani moyoni. Mwingine ataona tofauti na nitakaa nae meza moja.

Ninaloomba ni mambo mawili. Kwanza gazeti lako mhariri litoe nafasi kwenye ukurasa wa dini, wasomi wa Biblia na mashehe waandike juu ya hili kwa utulivu, kwa Kiswahili, watu wasome. Pili, yule mzee najua gazeti hili analinunua kila Jumapili, namuomba kwa heshima zote arudishe jina la yule binti kwenye orodha. Kipaimara ni mwezi wa kumi na moja, muda bado upo, na shairi la ibada alishaanza kulikariri.

Mwalimu wa kipaimara,
Morogoro