Barua kwa washairi vijana: acheni uchawa

Wanangu,

Nawasalimu, ila leo si salamu za kuchekeana. Usiku ule wa mashairi nilikaa viti vya nyuma nikamsikiliza kijana mmoja, jina lake naliacha, akimnanga mwalimu wake ubeti baada ya ubeti. Tungo za mzee hakuzigusa. Aligusa meno yake, ndoa yake iliyovunjika, na koti analovaa misimu yote. Nanyi mkapiga vigelegele! Si zamani kijana huyohuyo alikuwa akimbebea mzee mkoba hadi kituo cha daladala, na kabla ya kughani anakohoa kama yeye. Mimi naona ni ugonjwa uleule, umefika hatua ya pili tu.

Hatua ya kwanza mnaiita heshima. Naiita uchawa. Anayependa ushairi wa mtu huusoma, huunakili kwa mkono, huchunguza vina vimekaaje, kisha huenda kwake kutunga. Chawa hana haja na ushairi, anamtaka mshairi. Anataka aitwe mwanangu mbele za watu, aandikiwe dibaji, atajwe kwenye hotuba. Kichwani mwake anaandika deni ambalo mwenzake hajui kwamba anadaiwa, na lisipolipwa anatoka na rungu.

Limetokea hapa jirani. Mwaka 1966 V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad aliyekwisha kupata jina, alikuja Makerere, Kampala, kama mwandishi mgeni. Alimkuta Paul Theroux, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha pale. Wakashikamana. Mkubwa alisoma kazi za mdogo, akamkosoa bila huruma, akamtia moyo. Mwaka 1972 mdogo akatoa kitabu kizima kuhusu uandishi wa mkubwa. Barua zikaenda na kurudi miaka mingi. Mwaka 1996 Theroux akakuta kwenye orodha ya muuza vitabu nakala ya kitabu chake mwenyewe, aliyompa Naipaul na kuitia saini kwa mkono wake, inauzwa. Zawadi sokoni! Hapo hata mimi ningeumia. Lakini mwaka 1998 alilipiza kwa kitabu kingine kilichoanika majivuno ya rafiki yake, ubahili wake, na mazungumzo ya faragha ya miaka thelathini. Hadi 2011, kwenye tamasha la vitabu la Hay kule Wales, ndipo waliposhikana mikono.

Mtasema kitabu kile kinasomeka. Kinasomeka kweli, na hilo ndilo balaa: aliyependa anajua pa kuchoma. Naipaul hakuwa malaika. Ulimi wake uliwachoma wengi, Waafrika tukiwemo. Lakini Theroux aliusikia ulimi huo tangu Kampala, na hakumwacha. Kumbe uchungu wa ulimi unatambulika ukikugeukia wewe! Kijana wetu naye nilimwona kwa macho yangu akicheka mzee alipowadhalilisha washairi wenzake.

Msiniambie kulumbana ni jadi yetu. Najua. Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, alirushiana mashairi na mahasimu wake, na bado tunayasoma. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, waliwaka moto, na wanamabadiliko, waliotaka ushairi huru, hawakunyamaza. Walikuwa wakali kuliko ninyi. Ila waligombania vina na mizani, hawakugombania koti la mtu, na mabishano yao yametuachia vitabu. Usiku ule umetuachia nini? Video ya dakika tatu.

Mengine kwa ufupi. Mswada usiupeleke kwa mtu mmoja tu. Ukisifiwa, uliza mstari upi. Siri uliyoambiwa mezani si mali yako ya kutungia. Ukikosana na mtu, kaa kwanza, hata mwaka, ndipo ushike kalamu.

Na ninyi wazee wenzangu, msitabasamu kana kwamba barua hii haiwahusu. Nani aliwafundisha watoto hawa kwamba njia ya kuchapishwa inapita kwapani mwa mtu? Wachapishaji wanakimbilia vitabu vya shule, tuzo ni za kuhesabu, basi sisi tulio mlangoni tumejifanya wenye mlango. Dibaji tunampa anayetusifu vizuri. Mwanafunzi akituzidi tunanuna, tunasema amevimba kichwa. Mzee aliyetukanwa usiku ule alikalia mswada wa kijana yule miezi na miezi, kila siku "kesho, kesho". Nilipomuuliza, akanijibu, "Bado mtoto." Wakati huohuo mtoto alikuwa anatumwa vocha na maji ya kunywa.

Kama hamna muda wa kusoma kazi zao, warudishieni wiki hii. Na maji mnunue wenyewe.