Sheria ya simu kwa madereva haitekelezwi kwenye vizuizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie sheria ambayo Kenya tayari inayo, lakini ambayo madereva wengi wanaendesha magari kana kwamba haijawahi kutungwa. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinasema wazi kwamba dereva anayetumia simu ya mkononi gari likiwa mwendoni anatozwa faini ya Sh2,000. Hata hivyo, anayesafiri kwa matatu kati ya Mtwapa na Mombasa ameshazoea kumwona dereva akishika usukani kwa mkono mmoja, huku kwa mkono wa pili akisoma ujumbe, akizungumza na mwenye gari au akihakikisha kwamba nauli iliyotumwa kwa M-Pesa imeingia.

Ni kweli kwamba Sh2,000 ni kidogo, hasa ikikumbukwa kuwa kanuni hizo hizo zinamtoza Sh10,000 dereva aliyepita kiwango cha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa. Lakini hata faini ya laki moja haimtishi mtu anayejua kwamba hatakamatwa. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa iko katika namna polisi wanavyolitafuta kosa lenyewe. Kizuizi cha barabarani kinafaa kwa kukagua leseni, bima, mikanda na magurudumu yaliyokwisha, kwa kuwa hakuna anayeweza kununua gurudumu jipya mita hamsini kabla ya kumfikia askari. Simu ni jambo tofauti. Dereva akiiona sare kwa mbali, au akimulikwa taa na mwenzake anayetoka upande wa pili, huiangusha simu mapajani, hupita mbele ya askari akiwa ametulia, kisha huiokota kabla hajabadilisha gia. Hivyo kizuizi humkuta katika dakika ile moja ya safari ambayo hana hatia.

Wanaoliona kosa hili kuwa dogo wangefanya hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva aliyeinamia simu kwa sekunde tano amekwenda zaidi ya mita 100 bila kuiona barabara, na kwenye barabara yetu umbali huo unatosha kuwakuta wanafunzi wanaovuka Shanzu au Bombolulu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu anakabiliwa na hatari ya kupata ajali karibu mara nne zaidi ya asiyeitumia. Shirika hilo pia linasema kwamba kuzungumza bila kuishika simu hakupunguzi hatari hiyo sana, jambo ambalo wenye magari ya kifahari, wanaodhani spika za gari zimewatakasa, wangefaa kulisikia.

Polisi basi wahame kutoka kwenye vizuizi na kulifuata kosa mahali linapotendeka. Askari waliovaa nguo za raia wapande matatu kama abiria wengine, na wenzao wenye kamera wakae juu ya madaraja ya wapita njia, ambako mikono ya dereva inaonekana vizuri kuliko pembeni mwa barabara. Jimbo la New South Wales nchini Australia limekuwa likitumia kamera maalumu za kuwanasa madereva wenye simu tangu mwishoni mwa 2019. Magari ya serikali nayo yasisazwe.

Natambua hofu ya wengi kwamba msako kama huu utakuwa mlango mwingine wa hongo. Ndiyo maana ushahidi uwe picha inayoonyesha dereva, nambari ya gari na saa, na faini isipitie mkononi mwa askari yeyote. Askari asipewe nafasi ya kuichukua simu ya mtu na kupekua ujumbe wake, kwa maana Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Hali ni tofauti pale watu wanapokufa: hapo wachunguzi waombe amri ya mahakama, wapate rekodi za simu ya dereva na kubaini kama alikuwa akiitumia wakati wa ajali, kwa sababu taarifa ya kwamba gari lilipoteza mwelekeo haiwaelezi wafiwa chochote.

Liko jambo moja lisilohitaji kamera wala askari. Simu nyingi anazopokea dereva wa matatu akiwa barabarani hutoka kwa mwenye gari anayetaka kujua hesabu ya siku imefika wapi. Vyama vya matatu viweke sharti kwamba mwenye gari akitaka kuuliza hesabu, ampigie kondakta.

Msomaji wako,
Mtwapa, Kaunti ya Kilifi