Barua kwa mdogo wangu DJ anayekwenda kupiga na bendi

Mdogo wangu,

Nimesikia umekubali kupiga pamoja na bendi: dramu, besi, kinanda, saksafoni na mwimbaji, dakika 40 jukwaani. Hongera. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi huichukulia kazi hii kama seti ya kawaida, ila safari hii kuna watu wamesimama pembeni na vyombo. Wakishafika mazoezini ndipo wanagundua kwamba nusu ya mazoea yao hayafai tena.

Kabla hujachagua hata wimbo mmoja, kaa na mpiga dramu mkubaliane: mwendo anaushika nani? Wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta hautetereki. Ukiwa BPM 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, utakuwa 120 mpaka unaisha. Mpiga dramu akipandwa na mzuka kwenye kiitikio atafika 122 bila kujua, na wala si kosa lake, ndivyo muziki wa mikono ulivyo. Lakini piga hesabu: baada ya baa 8 tu (kila baa ina mapigo manne) mtakuwa mmeachana kwa nusu pigo na ushei. Kiki yako, ule mdundo mzito wa dramu kubwa, itagonga mahali ambapo yeye hajagonga chochote, na ukumbi mzima utasikia kama mtu anashuka ngazi kwa kujikwaa.

Ukiushika wewe, mpiga dramu avae hedifoni za kuziba masikio na apewe kliki, yaani mlio wa kuhesabia mapigo. Kliki hiyo itoke kwenye kompyuta ile ile inayopiga wimbo, kupitia tundu la ziada la kadi ya sauti, na isiingie kabisa kwenye spika za watu. Kama unatumia vichezeshi (mashine za DJ za kupigia nyimbo) bila kompyuta, hutakuwa na kliki. Basi apewe wimbo wenyewe kwa sauti ya kutosha masikioni, na wewe uchague matoleo yenye hihati (matoazi mawili ya dramu) inayosikika wazi tangu mwanzo. Akiushika yeye, acha kupiga nyimbo nzima zenye midundo. Kazi yako inakuwa skrachi (kukwaruza santuri mbele na nyuma), sauti fupi fupi, na vipande vya uimbaji unavyovibonyeza upya kila baa 2 au 4 kabla havijaanza kuchelewa. Njia zote mbili ni nzuri. Kinachoharibu ni kuzichanganya ndani ya wimbo mmoja bila kupanga. Mashine ya midundo unaweza kuifunga kwenye saa ya MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki, ambayo hutuma ishara 24 kwa kila pigo. Mpiga dramu hana tundu la kuchomekea waya.

Hata mkishakubaliana, umbali unaweza kuwavuruga. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula karibu milisekunde 3. Mpiga dramu akikusikia kupitia spika kubwa zilizo mita 10 kutoka alipo, anakusikia milisekunde 29 baadaye, naye atagonga nyuma kwa kiasi hicho hicho. Watu watasikia vishindo viwili vilivyobanana badala ya kimoja. Dawa yake ni hedifoni, au monita (spika ya kuwasikilizisha wapigaji wenyewe) iliyowekwa hatua moja kutoka alipokaa. Na meza yako iwe karibu na dramu, mahali mnapoonana uso kwa uso. Waandaaji wanapenda kumweka DJ juu nyuma, peke yake kama sanamu. Kataa.

Sasa ufunguo, yaani toni ambayo wimbo umejengwa juu yake, na hapa usiwe na haraka. Kwenye seti zako ukisogeza kasi asilimia 3 hakuna anayelalamika, kwa sababu wimbo wote unapanda pamoja. Mwenye kinanda hapandi nao. Ukiongeza kasi kwa asilimia 6 umeshapandisha wimbo karibu nusu toni nzima. Hiyo ina nafuu, maana wanaweza kuhamia ufunguo wa jirani. Balaa liko katikati. Wimbo wa BPM 120 ukiupiga kwa 124 unapanda kidogo zaidi ya nusu ya nusu toni, na hapo hakuna ufunguo kwenye kinanda unaokubaliana nawe. Mpiga saksafoni atavuta na kusukuma mdomo wa chombo chake mpaka achoke. Washa kifunga ufunguo kwenye kichezeshi, kinachozuia toni isipande pamoja na kasi, lakini usivute wimbo mbali sana na kasi yake ya asili: ukizidisha, kiki inalegea na sauti ya mwimbaji inatetemeka kama iko ndani ya maji. Santuri halisi kwenye sahani ya kawaida haina kifunga hicho. Kama huna budi kuipiga, mwenye kinanda atumie kirekebisha toni chake na mpiga besi amfuate yeye.

Usiamini ufunguo unaoandikwa na programu, hukosea mara kwa mara, hasa kati ya meja na maina. Mwombe mwenye kinanda aguse noti moja ya besi juu ya wimbo, atakwambia kwa sekunde tano. Ukishaujua, uandike kwa lugha ya kila chombo. Wimbo ukiwa A maina kwenye kinanda, mwenye saksafoni ya alto anausoma F-shapu maina, na mwenye tarumbeta ya kawaida anausoma B maina. Ukimtupia tu neno "A maina" dakika ya mwisho, kuna siku atasahau kugeuza.

Halafu besi. Wimbo uliorekodiwa umeshajaa: una kiki yake, besi yake, vinanda vyake, na vyote vimebanwa ili visikike vikubwa. Ukimwongezea mpiga besi wa kweli juu yake, unapata uji. Nobu ya besi kwenye miksa yako ishuke kabla hajaingia, si baada. Afadhali zaidi utafute toleo lisilo na besi, au utenganishe vipande vya wimbo nyumbani mapema, usikilize kwa spika nzuri kama havijabaki na mikwaruzo. Kutenganisha papo hapo jukwaani kunawezekana, lakini kunailemea kompyuta na wakati mwingine sauti hukatika. Na mwimbaji akiwa yupo, usipige wimbo wenye sauti ya mtu mwingine anayeimba maneno yale yale. Unacheka, lakini hufanyika.

Kwenye nyaya: toa sauti kwa matundu ya XLR (yale ya pini tatu), stereo, hadi visanduku viwili vya DI, vinavyounganisha vyombo na mitambo, kisha kwa fundi mitambo. Maiki ya mwimbaji isipitie miksa yako hata kama ina tundu lake. Fundi anahitaji kuirekebisha peke yake na kuirudisha kwenye monita za wenzako. Taa nyekundu za miksa zisiwake kamwe. Nyimbo za zamani zina sauti ndogo na za sasa ni kubwa, kwa hiyo zisawazishe zote mapema, kisha baada ya majaribio ya mitambo usiguse tena kiwango kikuu. Ukipandisha wewe, monita za watu watano zinapanda pamoja nawe. Ukisikia mngurumo wa umeme, chomoa chaja ya kompyuta: ukikoma, tatizo ni mzunguko wa athi (waya wa umeme wa ardhini), bonyeza kitufe cha kukata athi kwenye DI na uchukue umeme kwenye njia moja na bendi. Usithubutu kuvunja pini ya athi kwenye plagi. Umeme huua.

Santuri na dramu hazikai kwenye sakafu moja inayotikisika. Sindano inaokota kila kishindo cha kiki, kinatoka kwenye spika, kinarudi kwenye sindano, na ghafla ukumbi unavuma. Weka bamba zito la jiwe chini ya sahani na sponji nene chini ya bamba, na geuza monita yako isitazame sindano. Kama unatumia santuri za kompyuta, zinazoendesha nyimbo zilizo kwenye kompyuta, chagua hali ambayo sindano ikiruka wimbo hauruki nayo.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale unapoiachia bendi. Kwa BPM 120 baa moja ni sekunde 2, kwa hiyo baa 8 ni sekunde 16, muda mrefu kuliko unavyofikiri. Funga lupu, yaani kipande kinachojirudia, ya baa 8. Nyanyua vidole vinne: zimebaki baa 4. Mpiga dramu aingie na hihati peke yake. Zikibaki 2, shusha besi yako nusu. Pigo la kwanza la mzunguko mpya, besi yako sifuri, kiki na besi za bendi zinaingia pamoja, na lupu yako inabaki juu juu kwa baa 4 nyingine kabla ya kuizima. DJ wengi huzima mapema kwa heshima, na hapo linabaki shimo. Kosa la pili ni kusahau lupu ikiendelea, mwendo unaachana kidogo kidogo, na kila mtu jukwaani anamtazama mwenzake.

Jambo jingine la kuiba: mtunzi Gabriel Prokofiev alipoandika kazi ya santuri na okestra, sauti anazoskrachi DJ zilitoka kwenye okestra yenyewe. DJ Switch aliipiga kwenye BBC Proms, tamasha la muziki la Uingereza, mwaka 2011. Nawe rekodi noti tatu nne za saksafoni na mlio wa dramu siku ya mazoezi, kwa toni yao, uzipakie. Hutagombana na ufunguo wa mtu, na mwenye saksafoni atakujibu.

Kwa dakika 40, nyimbo 6 zinatosha. Wiki mbili kabla wapelekee faili kwa kasi na ufunguo utakaopiga siku hiyo, si wimbo wa asili, pamoja na karatasi yenye idadi ya baa za kila sehemu na jina la anayeshika mwendo. Nitumie na mimi nakala kabla hujawatumia wao.

Kaka yako