Kasha la injini halina kila kitu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mwandishi wa safu yenu ya magari alimshauri kijana anayejenga hot rodi, yaani gari la zamani lililoongezewa nguvu, aachane na kufufua injini iliyochoka, anunue mpya inayokuja ndani ya kasha, aifunge, awashe, aondoke. Kununua mpya sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na hayo maneno matatu ya mwisho. Mimi nilifungua kasha mwezi wa tatu nikawasha mwezi wa saba, na si kwa sababu ya uvivu.

Pikapu yangu ni Chevrolet ya 1953. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliitoa injini yake ya kuzaliwa nayo akaiwekea V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, yenye ujazo wa inchi 350, ya miaka ya 1970. Hiyo ndiyo iliyopasuka bloku, katikati ya silinda mbili, maji yakaingia kwenye oili. Nikampigia simu muuzaji wa injini mpya nikamuuliza: hii 350 yenu inaingia kwenye gari lenye 350? Akasema inaingia. Hakunidanganya. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Maana ukoo huu wa injini una mtego wake. Chevrolet walipoitoa V8 yao ndogo mwaka 1955, ikiwa na inchi 265, walipanga matundu ya kufungia gia boksi nyuma ya bloku kwa mpangilio fulani, na mpangilio huo haukubadilika kwa miongo mingi. Ukisimama mbele ya bloku ya zamani na ya miaka ya karibuni, kwa nje utaapa ni pacha. Ndiyo maana wajenzi wa hot rodi waliipenda kiasi cha kuisahau ile V8 ya Ford ya 1932 iliyoanzisha mambo yote haya kwa nguvu zake za farasi 65. Na ndiyo maana mtu kama mimi anaamini kwamba kila kilichofungwa kwenye ile kitafungwa kwenye hii.

Kasha lilipofika nililizunguka kama mtoto. Mbao, misumari, mfuko mzito wa plastiki, ndani yake injini imefungwa kwa bolti juu ya fremu, matundu yote yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, inanukia rangi mpya. Bloku ipo, hedi zipo, sampu, yaani bakuli la oili la chini, ipo, vifuniko vya valvu vipo. Kabureta hakuna. Distribyuta, ile ya kugawa umeme kwa plagi, hakuna. Stata, altaneta, pampu ya maji, flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), hakuna. Hilo nililijua, nilikuwa nimesoma karatasi ya mauzo, nikajiambia nitahamisha vya zamani.

Vingine vilihama kweli. Tukafika kwenye flaiwili.

Mjomba wangu, ambaye ndiye fundi hasa na mimi ni mshika taa, aliinyanyua akaisogeza kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Haikukaa. Tukaigeuza tundu moja mbele, haikukaa. Nikachukua tochi nikachungulia: ukiiweka katikati sawasawa, matundu yote sita yanapishana na ya kranki kwa kama milimita 7. Tukapima. Duara la bolti kwenye flaiwili yangu lilikuwa na kipenyo cha inchi 3.58. Kwenye kranki mpya, inchi 3.00 kamili.

Nikapata wazo ambalo kwa wakati ule niliona ni la akili sana. Nikasema tutoboe matundu mapya sita, chuma kipo kingi.

Mjomba hakucheka. Alipangusa mikono akaniuliza: "Matundu utatoboa, mpwa wangu. Na uzito utautoa wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo safu yenu haikuligusa, nami naliandika kirefu kwa sababu najua kijana yule hatalisoma kwenye kasha. Mpaka 1985 sili ya oili nyuma ya kranki ya injini hizi ilikuwa ya vipande viwili, na ilikuwa na tabia ya kuvuja. Kuanzia 1986 wakaweka sili ya kipande kimoja, duara zima. Ili duara hilo lipite, mwisho wa kranki ulibidi ufanywe wa mviringo mtupu, ikakosekana nafasi ya ule uzito mdogo wa kusawazisha uliokuwa umejengwa palepale. Uzito ukahamishiwa kwenye flaiwili. Ukiishika flaiwili ya 350 ya namna hii mpya utaona upande mmoja una nundu ya chuma ambayo ya zamani haina. Kwa hiyo hata ningetoboa matundu kwa ustadi wa sonara, injini ingetetemeka kila inapozunguka, na mtetemo huo ungeishia kwenye beringi kuu za kranki. Injini mpya kabisa, nimeiua mwenyewe kwa drili!

Wenye Ford wasinicheke. Kwao hali ni mbaya zaidi, kwa sababu bolti zinaingia. V8 yao ya inchi 302 ya zamani inasawazishwa kwa aunsi 28, na za kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 kwa aunsi 50, na flaiwili ya hii inakaa kwenye ile bila ubishi wowote. Unakuja kugundua barabarani, kioo cha pembeni kinapoanza kukuonyesha magari mawili badala ya moja.

Baada ya flaiwili yakafuata madogo madogo. Sampu yangu ya zamani yenye mapezi ya alumini, niliyokuwa nimeing'arisha kwa mikono yangu, haikai kwenye bloku mpya kwa sababu ya hiyohiyo sili ya nyuma. Kijiti cha kupimia oili, ambacho kwenye bloku ya zamani kilikuwa kushoto, kimehamia kulia, mahali palepale nilipopitisha bomba la ekzosi. Bomba likakatwa. Rejeta, klachi na breki sizitaji, kila mtu anajua farasi wakiongezeka navyo vinadai chake, ingawa nimeona magari yenye injini ya maajabu mbele na breki za ngoma za babu nyuma, na wenyewe hawana wasiwasi hata kidogo.

Kuhusu kuwasha, mwandishi wenu alitumia neno moja. Sisi tulitumia Jumamosi nzima kabla hata ya kugusa ufunguo. Injini iliyokaa ndani ya kasha ni kavu. Oili unayomimina juu inateremka kwenye sampu inatulia huko. Kwenye V8 hizi pampu ya oili inazungushwa na distribyuta, kwa hiyo unaiacha distribyuta nje, unaingiza chuma kirefu kwenye tundu lake mpaka kikamate pampu, juu unafunga drili ya umeme. Drili iende upande wa mshale wa saa. Mwanzoni inazunguka kirahisi, unadhani hakuna kitu. Halafu ghafla sauti inakuwa nzito, drili inataka kukupokonya mkono, na geji ya oili inapanda. Mjomba alikuwa anaizungusha kranki kidogo kidogo kwa spana, mimi nimevua vifuniko vya valvu naangalia, mpaka oili ikatoka kwenye roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zote kumi na sita. Ya mwisho kabisa, ya kona ya nyuma, ilichelewa mpaka nikaanza kusali.

Na si mwisho. Kamshafti yangu, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, ni ya tapeti bapa zinazosuguana na nundu hizo, si ya rola zinazobingirika juu yake. Ya namna hii ukishawasha mara ya kwanza huruhusiwi kuiacha inguruma taratibu ili uisikilize ilivyo tamu. Unaipeleka moja kwa moja kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, unaishikilia huko dakika 20 au zaidi, ukiipandisha na kuishusha kidogo. Sababu ni kwamba nundu za kamshafti zinalainishwa na oili inayorushwa na kranki, na kranki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Oili yenyewe iwe na zinki na fosforasi ya kutosha, maana oili nyingi za magari ya siku hizi zimepunguziwa hivyo vitu ili kulinda vichujio vya moshi. Ukikosea, nundu inalika ndani ya dakika chache, na unga wake wa chuma unatembea injini nzima. Kamshafti ya rola haina masharti haya. Hivi si jambo la kumwambia mtu kabla hajachagua?

Safu ilisema pia kwamba kwa wanaotaka ya kisasa, LS, V8 ya Chevrolet ya kizazi cha baadaye, ni rahisi kuliko zote. Ni injini nzuri, tangu ilipokuja na Corvette ya 1997 wajenzi wameipenda, na ile ya bloku ya alumini ni nyepesi kwelikweli. Lakini haina hata sehemu ya kufungia pampu ya mafuta ya kuendeshwa na kamshafti. Inataka pampu ya umeme yenye shinikizo la karibu pauni 58 kwa inchi ya mraba, wakati kabureta inatosheka na sita. Inataka kompyuta na nyaya zake. Kwa hiyo tangi, mabomba ya mafuta na nyaya vinabadilika kabla hujafika kwenye injini yenyewe. Rahisi kwa nani?

Namwomba mwandishi wenu arudi kwenye jambo hili, na safari hii aandike juu ya vile visivyokuwemo ndani ya kasha. Kijana yule amuulize muuzaji sili ya nyuma ni ya vipande vingapi, flaiwili ya uzito gani, kamshafti ya aina gani, na zile nguvu za farasi zilizoandikwa zilipimwa injini ikiwa imefungwa nini, maana ikipimwa mezani bila fani wala altaneta, kwa ekzosi za wazi, haitakupa zote ukishaifunga kwenye gari. Asipouliza atauziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji atakuwa hajasema uongo hata mara moja.

Pikapu inatembea, asanteni. Ile flaiwili ya zamani bado iko gereji, inazuia mlango usipigwe na upepo. Mjomba amekataa niitupe, na kila mgeni anayekuja na wazo la kutoboa kitu huoneshwa kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mshika taa