Barua ya wazi kwa mpwa wangu, kabla mdogo wako hajaingia wodini

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imenifikia kupitia kwa mama yako. Marahaba naileta hapa mbele za watu, kwa kuwa simu yangu hupokei. Nimesoma kwenye kundi la ukoo kwamba mdogo wako, anayesomea udaktari huko Uingereza, anakuja Julai hospitalini kwetu Tanzania kwa mafunzo ya wodini, kama ulivyokuja wewe. Chini yake ukamwandikia: "Huko utafanya mengi ambayo huku hawaturuhusu." Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Nianze na yake.

Mwambie damu ya ukoo haimkingi na malaria. Kinga ya wenyeji hujengeka kwa kuumwa na mbu wenye vimelea tangu utotoni, na hupungua mtu akikaa mbali miaka. Yeye amezaliwa Leeds, hana kinga hiyo. Wengi wanaougua malaria Uingereza ni watu kama ninyi, waliokwenda kusalimia nyumbani bila kumeza dawa za kuzuia malaria. Akiandikiwa atovakuoni na proguanili, aanze siku moja au mbili kabla ya safari, ameze kila siku pamoja na chakula, na aendelee siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini nayo ni ya kila siku, ila baada ya kuondoka humezwa wiki 4, na hapo ndipo wengi huitupa kwa kuwa wameshafika kwao na mbu hawapo. Vimelea huenda bado vimo mwilini. Akipata homa yoyote ndani ya mwaka baada ya kurudi, aseme alikuwa Tanzania na apimwe siku hiyo hiyo.

Chanjo ya homa ya ini B asiiache mpaka wiki ya safari. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Muda ukibana ipo ya siku 0, 7 na 21, na nyongeza baada ya miezi 12. Kisha, mwezi mmoja au miwili baada ya kumaliza dozi, apime damu aone kama mwili umeitikia, maana wapo wanaochanjwa na kinga isijengeke. Wanafunzi huja wakiogopa VVU peke yake. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU huambukiza kwa wastani wa mara 3 katika 1,000. Ya mgonjwa wa homa ya ini B, kwa asiye na kinga, yaweza kufika 30 katika 100.

Akichomwa, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue, asimwagie jiki. Amwambie msimamizi saa hiyo hiyo, aibu aiweke pembeni. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho kabisa saa 72, na azimeze siku 28. Kwa hiyo siku ya kwanza kabla hajashika mgonjwa aulize: dawa hizo zinakaa kabati gani, na Jumamosi usiku ufunguo anao nani? Kabati likifungwa Ijumaa jioni na mwenye ufunguo akaenda shamba, Jumatatu jioni saa 72 zimekwisha.

Viza ya utalii si ya mafunzo ya wodini. Aanze miezi mingi mapema kupitia chuo kitakachompokea, aulize kuhusu kibali cha ukaazi daraja C, kile kinachowahusu wanafunzi, na kuhusu ruhusa ya baraza linalosimamia madaktari. Dawa zilizobaki majumbani kwenu asizibebe, maana nyingine zinatufikia zikiwa zimebakiza wiki mbili za kuisha muda. Alete glavu zinazomtosha mikono na barakoa za kukinga kifua kikuu, zile zinazobana uso sawasawa. Simu ibaki mfukoni. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mama aliyekaa chini ya kitanda usiku kucha hana nguvu ya kukataa picha.

Sasa lako. Mtoto wa kitanda cha dirishani.

Degedege ilikuwa imetulizwa, sukari imepimwa, seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, imeshaingia. Yalibaki maji ya uti wa mgongo, yavutwe kwa sindano mgongoni yakapimwe kama ana homa ya uti wa mgongo. Daktari wa mafunzo kwa vitendo alikuwa hajalala, akakupa sindano, na wewe ukaipokea ukiwa mwaka wa pili. Mama wa mtoto alikuita daktari na hukumsahihisha. Alikubali kwa sababu ya koti jeupe na Kiingereza chako. Mtoto hakukunjwa vizuri: magoti hayakufika tumboni, bega la juu liliangukia nyuma, uti ukajipinda, na nafasi kati ya pingili ikaziba. Ukagonga mfupa. Ukatoa, ukaingiza tena, ikatoka damu. Ukaomba sindano nyingine. Hapo ndipo nilipokushika mkono.

Ukaniambia, mbele ya yule mama, kwamba mimi ni nesi tu na daktari ameruhusu.

Unalalamika kwa ndugu kwamba nilikudhalilisha, kwamba ningekuita nje. Ningekuitaje nje na sindano iko mkononi? Tena ujue damu ile ilifanya nini. Ikichanganyika na maji ya uti, chembe nyeupe za damu huhesabiwa pamoja na za uti, na maabara haiwezi kusema kwa uhakika kama ni homa ya uti wa mgongo au siyo. Mtoto akalazimika kumaliza siku zote 10 za sindano kwa tahadhari. Mama yake akakaa wodini siku zote hizo, na wadogo wa yule mtoto wakalelewa na jirani. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege. Mwongozo wa Baraza la Madaktari la Uingereza unamtaka mwanafunzi asivuke uwezo wake hata akiwa nchi nyingine, na uliusaini kabla ya kuja. Nilichofanya ni kukurudisha kwenye saini yako.

Na ulikuwa mzuri, mpwa wangu, hilo linaniuma zaidi. Hakuna mwanafunzi aliyehesabu pumzi za mtoto kama wewe: dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa, bila kukisia kwa sekunde 15 na kuzidisha. Hamsini na zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 na zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ukaja kuniita mbio. Uliwauliza akina mama yale manne bila kuchoka: ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au haamki? Hiyo ndiyo kazi tunayotaka mdogo wako ajifunze, na mgonjwa hapotezi kitu.

Umfundishe pia kwamba tukitofautiana na kitabu chake, aulize kabla ya kudhani ni umaskini. Jaribio lililoitwa FEAST lilifanyika Uganda, Kilifi na Hospitali ya Teule kule Muheza, likachapishwa 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa kama 10.6 katika 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa 7.3. Vitabu vilikuwa vinafundisha kumimina. Kwa hiyo akiona muuguzi anapunguza kasi ya dripu, au anampa mtoto mwenye utapiamlo mkali kidogo kidogo, asikimbilie kuifungulia.

Nimeongea na msimamizi. Mdogo wako atakaa wodi ya watoto wiki mbili za kwanza, atazame, apime uzito, ahesabu pumzi, aandike. Akivaa koti, avae na kitambulisho kinachosema mwanafunzi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Cheti chake cha chanjo na majibu ya kipimo cha kinga nitumie kabla hamjalipa tiketi. Nawe ukitaka kumsindikiza, njoo. Chumba chako hajalala mtu. Ila tukionana tutaanza na lile neno uliloniambia mbele ya yule mama.

Mjomba wako