Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni wa Heshima: Kidimbwi cha Nyuma ya Uwanja

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum, hamjambo nyote.

Karibu Malindi, na karibu shuleni kwetu. Mambo ya madarasa na madawati yamo kwenye risala ya walimu, utayasikia baada yetu. Sisi dakika zetu twazitumia kwa viluwiluwi wa chura. Wenzetu wanaocheka huko nyuma twawaomba wavumilie kidogo.

Mheshimiwa, nyuma ya uwanja wetu wa kandanda pana kidimbwi kinachojaa masika na kukauka kiangazi. Mvua ikianza, chura wa povu, ambao wataalamu huwaita Chiromantis xerampelina na ambao wako pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hutaga mayai ndani ya povu jeupe wanalolibandika kwenye matawi yaliyoinamia maji. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Huko kuna anayewangoja.

Huyo ni mtoto wa kerengende. Kabla hajaota mbawa kerengende huishi majini, naye ni mwindaji hasa: mdomo wake wa chini hukaa umekunjwa chini ya uso kama mkono, na windo likikaribia hufyatuka na kulinasa. Baadhi ya kerengende wetu hata si wenyeji. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza kwamba wale waitwao Pantala flavescens huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakisukumwa na pepo za kaskazi, wakifuata mvua ili watage kwenye madimbwi ya muda. Mababu zetu walizipokea jahazi kwa upepo huohuo.

Sasa lililotushangaza ni hili. Kiluwiluwi hahitaji kumwona adui, humnusa. Mwindaji anapotafuna viluwiluwi, kemikali huenea majini, na waliobaki hubadilika miili. Wanasayansi wamelithibitisha hilo kwa kumfungia mtoto wa kerengende ndani ya kizimba kilichozamishwa majini, asiweze kumgusa yeyote, huku wakimlisha viluwiluwi. Kwa chura wa mitini wa kijivu wa Marekani, viluwiluwi walionusa hatari walikuwa na mkia mpana zaidi na wenye rangi kali. Mkia huo una faida: mwindaji huushambulia badala ya kichwa, akaambulia kipande cha utando, na mwenyewe akaponyoka. Kisiwani Hokkaido, Japani, mambo ni mapana zaidi. Kiluwiluwi wa chura aitwaye Rana pirica akiishi na salamanda wachanga, jamaa wa chura wenye mkia wanaomeza windo zima, huvimba mwili asimezeke. Akiishi na kerengende, hukuza mkia. Salamanda akiondolewa, uvimbe nao hupungua. Ndugu wa tumbo moja, maumbo mbalimbali, kwa kutegemea nani jirani yao.

Mtu atauliza, mbona basi wasizaliwe wote na mikia mipana, yakaisha? Kwa sababu ulinzi una gharama yake. Kiluwiluwi mwenye hofu hutulia chini, hula kidogo, hukua polepole. Na kwenye kidimbwi kama chetu, anayechelewa kuota miguu hukutwa na jua la kiangazi maji yamekwisha.

Mheshimiwa, tumesikia wazo la kutia samaki kidimbwini ili wamalize mbu. Hatuna ugomvi na mwenye wazo. Malaria twaijua, imelaza wengi wetu. Lakini dimbwi linalokauka kila mwaka halina samaki wake, na viluwiluwi wengi wa madimbwi hayo hawana kinga dhidi yao. Gambusia, samaki waliosambazwa nchi nyingi ili wale mbu, wamekutwa wakila mayai na viluwiluwi wa chura. Isitoshe, mtoto wa kerengende tuliye naye tayari hula viluwiluwi wa mbu, tena bila mshahara.

Kuhusu dawa za wadudu, mwaka 2001 wanasayansi Rick Relyea na Nathan Mills walionyesha kwamba dawa iitwayo kabarili iliwaua viluwiluwi wa yule chura wa kijivu mara 2 hadi 4 zaidi pale maji yalipokuwa na harufu ya mwindaji. Mashamba yetu ya mahindi yamepakana na kidimbwi hiki. Twaomba wazazi wanaopulizia dawa waache nafasi ya kutosha, na mabomba yasioshwe pale.

Ombi letu kwako ni kidimbwi kiingizwe kwenye ramani ya shule, kisije kikafukiwa madarasa mapya yakijengwa, na pasitiwe samaki. La pili, hadubini moja. Hata iliyotumika twaipokea kwa mikono miwili. La tatu ni basi la kutupeleka Arabuko-Sokoke msimu wa mvua, tukalale huko, kwa maana chura husikika usiku.

Mabeseni mawili yako mezani chini ya mwarobaini. Moja lina viluwiluwi peke yao, la pili lina mtoto wa kerengende ndani ya chupa iliyotobolewa. Twakuomba upite uyatazame kabla ya chai, maana jua likipanda maji hupata moto na itabidi tuwarudishe kidimbwini.

Ahsante.

Ni sisi, wanachama wa klabu ya mazingira.